Tupeane uzoefu: intafesi na maneno public/private yalikukwamisha wapi, na ulitokaje?

Wakuu, salaam. Jioni huwa nawafundisha vijana Java hapa Mwanza, na kila kundi linakwama palepale. Klasi wanaelewa, urithi wanaelewa, tukifika kwenye intafesi (orodha ya metodi, yaani kazi zenye jina, ambazo klasi inaahidi kuwa nazo) kompaila, programu inayokagua na kutafsiri kodi, inawagomea.

Kijana anaandika intafesi NjiaYaMalipo yenye metodi moja, `void lipa(BigDecimal kiasi);`. Kisha anafungua klasi `MalipoMpesa implements NjiaYaMalipo` na kunakili mstari uleule, anauongezea mabano na kazi ya kufanya. Kompaila inamjibu: `attempting to assign weaker access privileges; was public`, yaani unapunguza ruhusa iliyokuwa public. Anapitia kodi yake juu hadi chini, kwenye metodi zote mbili neno public (ruhusa ya kuonekana popote) halipo. Ananiuliza, "Mwalimu, hiyo public imetoka wapi?"

Imetoka kwenye intafesi. Katika Java, metodi ya intafesi isiyoandikiwa ruhusa yoyote ni public. Ndani ya klasi, usipoandika kitu, maana yake ni ruhusa ya pakeji (kundi la klasi zilizowekwa pamoja) tu, yaani inaonekana kwa klasi za pakeji hiyohiyo basi. Na kompaila ina haki kukataa. Mtu aliyeshika kitu cha aina ya NjiaYaMalipo ameshaahidiwa kwamba ataita lipa akiwa popote. Klasi inayotekeleza haina mamlaka ya kumpunguzia. Jambo hili likifundishwa kama kanuni ya kukariri halikai kichwani, wakati sababu yake inaeleweka kabisa. Leteni yenu, lugha yoyote.

kodi_na_chai: Mwalimu, asante kwa mada. Mimi niko Nairobi, natumia C#. Huku kuna mlango ambao Java haina. Tulikuwa na klasi moja inayotekeleza intafesi mbili, zote zina metodi Thibitisha(): moja ni ya mteja, nyingine ya mkaguzi, na kazi zake hazifanani hata kidogo. C# inakuruhusu uandike `void IMkaguzi.Thibitisha()` na pia `void IMteja.Thibitisha()` ndani ya klasi hiyohiyo. Hapo huandiki public, wala ukiiandika haikubaliwi.

Shida ikaja kwa wenzangu: "Mbona metodi haionekani?" Walikuwa wametangaza kigeu kwa jina la klasi. Metodi ya namna hii inaitwa kupitia intafesi tu, kwa hiyo ukitangaza `IMkaguzi m = ...` inatokea mara moja. Nawashauri wanaoanza: kama hakuna mgongano wa majina, andikeni public ya kawaida.

mzee_wa_salio: Ndugu zangu, hili mimi nalichukulia kwa uzito kwa sababu linagusa pesa za watu. Nilikabidhiwa mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Klasi Akaunti ilikuwa na `public BigDecimal salio;`. Ripoti ya mwisho wa mwezi hailingani na miamala, na hakuna anayejua nani kabadilisha nini, maana skrini, ripoti, hata kodi ya kutuma meseji, vyote vilikuwa vinaandika juu ya salio moja kwa moja.

Nilichofanya ni kubadilisha neno moja: public ikawa private, yaani inaonekana ndani ya klasi yake tu. Nikakompaili. Makosa yakamwagika, na kila kosa likawa anwani ya mahali pa kutembelea. Nikapita moja baada ya jingine: panaposoma pakapewa metodi ya kusoma, panapobadilisha pakapitishwa kwenye weka() na toa(), ambazo zinaandika muamala kwanza kabla ya kugusa salio. Kwenye faili moja ya ripoti nikakuta mstari unaokata ada, haujaandikwa kwenye muamala wowote. Tofauti yetu ilikuwa hapo.

Vijana wajue pia kwamba private ya Java inalinda kwa klasi, hailindi kwa kitu kimoja kimoja. Ndani ya Akaunti unaweza kusoma `nyingine.salio` bila tatizo, na ndivyo metodi ya kuhamisha pesa inavyofanya kazi.

dada_wa_go: Kwenye Go hakuna public wala private. Jina likianza na herufi kubwa linaonekana nje ya pakeji, likianza na ndogo halionekani. Wala huandiki implements: aina ikiwa na metodi zote, tayari inatosha. Raha, ila ukikosea jina la metodi kosa linaibuka mbali, pale unapoitumia. Mimi huweka mstari `var _ NjiaYaMalipo = (*MalipoAirtel)(nil)` jirani na aina yenyewe, kosa linaonekana hapohapo.

nyoka_mpole: Python: mstari mmoja wa chini mbele ya jina ni ombi tu kwa mwenzako. Miwili inabadilisha jina, `__salio` linakuwa `_Akaunti__salio`, lakini anayetaka bado atalifikia. TypeScript nayo, private inaishia kwenye kompaila. Ukitaka ulinzi wakati programu inaendeshwa tumia `#salio`.

Mwanzisha mada: Mzee wa salio, njia yako ya kufuata makosa naipeleka darasani wiki hii. Swali la waliouliza pembeni: ndiyo, tangu Java 9 intafesi inaweza kuwa na metodi private, na kazi yake ni kusaidia metodi za default (zenye kazi iliyoandikwa tayari ndani ya intafesi) zilizokuja na Java 8, klasi inayotekeleza haizioni. Watu wa Kotlin mko kimya. Huko usipoandika kitu ni public, na internal inaishia kwenye moduli. Mwenye mradi wa moduli nyingi atueleze internal inamsaidiaje.