Tupeane uzoefu: saini za barua pepe zinazojibadilisha zenyewe

Mleta mada
Wakuu, kila barua pepe ninayotuma inaishia na methali tofauti, na ni mwaka wa tatu sasa sijaigusa saini kwa mkono. Nina faili la methali, kila moja na mstari wake. Skripti (faili la amri za kompyuta) ni ya mistari miwili tu: shuf -n 1 inachomoa methali moja na kuiweka kwenye faili la muda, kisha mv inalihamishia ~/.signature, faili ambalo programu ya barua husoma saini humo. Cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, inaiendesha kila baada ya dakika kumi. Msiandike moja kwa moja ndani ya ~/.signature, maana faili huwa tupu kwanza kabla ya kuandikwa. Programu ya barua ikilisoma wakati huohuo, barua inaondoka bila saini. Nyie mnatumia njia gani, na imeshawatokea nini?

Bundi
Mimi cron ilinitesa wiki nzima. Nilitaka methali ifuate tarehe, nikaweka date +%d (inayotoa siku ya mwezi) ndani ya crontab, yaani orodha ya kazi za cron. Nikijaribu kwa mkono inakubali, kwenye cron kimya. Kumbe ikikuta alama ya asilimia, crontab inakata amri hapohapo. Andika \% inapita.

Mama Pili
Yangu bado inaniuma. Mwenzangu kazini alifiwa na baba yake. Nikakaa nikamwandikia pole, nikafuta, nikaandika upya, mpaka nikaridhika. Jioni nikafungua barua zilizotumwa nihakikishe jina la marehemu nimelipatia. Chini ya jina langu nikakuta: "Siku za mwizi ni arobaini."

Arobaini, kwa mtu aliye msibani! Mikono ilinitetemeka. Nikampigia simu, sikuthubutu kuandika tena. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Niliiona, dada. Nilijua si wewe." Usiku ule nilipitia faili lote mstari kwa mstari. Za wizi, za kifo, za wajinga, zote nikazitoa. Lakini hata zilizobaki siziamini tena, kwa sababu skripti haijui namwandikia nani.

Kijiti
Pole sana, dada. Kwenye mutt, programu ya barua pepe ya terminali, hilo lina dawa. Andika set signature="~/bin/saini.sh|", ile alama ya mwisho inaiambia iendeshe skripti kila unapoandika barua, cron huihitaji tena. Halafu kwa send-hook (amri ya mutt inayobadilisha mipangilio kulingana na mpokeaji) unapanga anwani fulani zipate saini ya kawaida, jina tu.

Zamani nilitumia mkfifo: ~/.signature inakuwa bomba, yaani faili la kupitishia data kati ya programu mbili, na skripti inakaa upande wa pili ikingoja msomaji. Nilijivunia sana. Siku moja skripti ikafa, na cp (amri ya kunakili) niliyoitumia kutunza nakala ikafika kwenye lile bomba, ikangoja data isiyokuja. Mafaili yote yaliyofuata hayakunakiliwa. Nilikuja kujua diski ilipoharibika.

Mzee wa Terminali
Juu ya saini wekeni mstari wa vistari viwili na NAFASI moja, kama inavyoelezwa kwenye RFC 3676 ya 2004 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti). Programu nyingi zikiuona mstari huo huikata saini mtu anapojibu. Kihariri changu kilikuwa kinafuta nafasi za mwisho wa mstari kimyakimya, na kila jibu likarudi na methali zangu zimerundikana. Na saini zisizidi mistari minne. RFC 1855 ilishalisema hilo 1995.

Mama Pili
Asante, Kijiti. Nimeiweka send-hook sasa hivi. Anwani yake ndiyo ya kwanza.