Mrejesho: masikio ya ndoo ya lita 20 yanayopasuka

Asanteni, ba ndugu. Swali lilikuwa: ndoo za polipropilini zinazotengenezwa hapa Lubumbashi hupasuka juu ya tundu la waya, kosa ni umbo au ni mstari unaobaki pale mikondo miwili ya plastiki iliyoyeyuka inapokutana nyuma ya tundu?

Ni vyote viwili. Modeli ilifanywa kwa CalculiX (programu ya kompyuta inayokokotoa mikazo kwa kugawa umbo katika vipande vidogo, yaani elementi): tetrahedra za nodi 10, elementi tatu katika unene wa mm 3. Maji kilo 20 ni kama newton (N) 98 kwa kila sikio. Ndoo ikinyanyuliwa kwa kishindo, zidisha mara tatu.

Kosa la kwanza lilikuwa kusoma mkazo wa von Mises (mikazo ya pande zote ikijumlishwa kuwa namba moja). Mstari ule haupunguzi ugumu, unapunguza nguvu, kwa hiyo modeli haiuoni kabisa. Soma mkazo unaoukata mstari: MPa 16 (megapascal, yaani N 16 kwa kila mm ya mraba) kwenye ukingo wa juu. Kisha kata vipande vya mm 5 kwa 3, uvitundikie uzito. Kipande kisicho na mstari kilianza kuvutika kwa kilo 46. Chenye mstari kilikatika kwa 27, yaani karibu MPa 18. Kati ya 16 na 18 hakuna nafasi iliyobaki.

Nyama ya plastiki juu ya tundu imeongezwa kutoka mm 4 hadi 6: mkazo umeshuka hadi MPa 9. Joto la plastiki limepandishwa kutoka nyuzi 205 hadi 235. Umeme ukikatika (mnaujua), tupeni ndoo za kwanza baada ya kurudi, zinatoka baridi.