Nyumbani anatumia poti vizuri, tukitoka tu analowa. Tufanyeje?

Mama Lulu aliuliza:

Habari za saa hizi wazazi wenzangu. Binti ana miaka miwili na miezi mitano, leo ni siku ya nane havai nepi mchana. Nyumbani anakwenda poti mwenyewe, analowa mara moja kwa siku au asilowe kabisa. Shida ni kutoka. Haipiti saa moja suruali imelowa. Akiulizwa kama ana mkojo anasema hapana, na dakika mbili baadaye unatiririka. Wiki ijayo kuna safari ya gari ya muda wa saa tatu. Naomba kujua: nimrudishie nepi tukitoka? Nimpeleke kila baada ya dakika ngapi? Na kwenye kiti chake cha gari nitandike nini?

Mwalimu wa Chekechea alijibu:

Hongera kwa siku nane, mama Lulu, hapo mmeshafika mbali.

Nianze na hiyo "hapana", maana ndiyo inayokuponza. Mtoto hakudanganyi. Kibofu cha umri huo kinabeba kama mililita 100 hadi 120, nusu ya kikombe cha chai tu, na tangu ausikie mkojo mpaka utoke mara nyingi ni dakika moja au mbili. Ulipomuuliza, kweli alikuwa hajausikia. Nyumbani poti iko hatua tatu kutoka alipo, kwa hiyo dakika moja inamtosha. Nje dakika hiyo hiyo inaliwa na ngazi, foleni na kifungo cha suruali. Basi usimuulize. Mwambie: "Sasa tunakojoa, halafu tunatoka." Ukitaka kumpa uamuzi, achague poti au choo, au achague nani abebe tishu. Kwenda au kutokwenda kusiwe jambo la kuchagua.

Kuhusu dakika, usiazime hesabu ya mtoto wa mtu mwingine. Chukua karatasi, siku mbili nzima uandike saa ya kila mkojo na saa ya kila alichokunywa. Wengi wa umri huu wanafika saa moja na nusu hadi mbili, lakini akinywa kikombe kizima kwa mkupuo, mkojo unaweza kuja kabla ya saa moja kwisha, na wa pili ukaufuata upesi. Tazama muda mfupi kuliko yote kwenye karatasi yako, punguza dakika 15. Hapo ndipo pa kumpeleka. Kumpeleka kila dakika 15 kunaharibu pia: kibofu hakipati kujaa, kwa hiyo hajifunzi kukisikia kikijaa, na akishachoka kuitwaitwa ataikataa poti yenyewe.

Matembezi ya kwanza yawe mafupi kuliko muda huo. Akojoe, mfunge mlango mtoke hapo hapo, si baada ya kutafuta funguo na kuvaa viatu kwa robo saa. Rudini ndani ya dakika 30 au 40. Akirudi mkavu mara tatu au nne ndipo uongeze. Mkifika mahali popote, kitu cha kwanza ni kumwonyesha choo kilipo kabla hajahitaji, aingie akione, atoke.

Nguo: suruali ya mpira kiunoni ambayo anaweza kuishusha mwenyewe. Ovaroli, mkanda na zipu viweke kabatini miezi miwili. Na usisahau miguu. Mkojo unashuka mpaka ndani ya kiatu, na watu wengi wanabeba suruali tatu lakini hawana soksi wala kiatu cha pili. Viatu vya plastiki vinavyosuuzika vinatosha.

Nepi kwa kila matembezi, hapana. Inanyonya upesi mno hata mtoto hasikii kuwa amelowa, na anajifunza kwamba kanuni ya poti ni ya ndani ya nyumba tu.

Baba Pacha alijibu:

Nakubaliana na mwalimu isipokuwa kwa safari ya saa tatu. Hapo kinga inafaa, ila mvalishe chupi kwanza halafu nepi juu yake. Akikojoa, chupi inalowa na kumgusa ngozi, kwa hiyo anajua kilichotokea, na kiti kinabaki salama. Mwambie hiyo ni suruali ya gari. Mkisimama inavuliwa, mkifika inavuliwa kabisa.

Kwenye kiti cha gari naomba uwe makini sana, mama Lulu. Usimkalishe juu ya taulo lililokunjwa, mto, wala plastiki nene. Kitu kinene chini ya mtoto au nyuma ya mgongo wake kinabonyea gari likigongwa, na mikanda iliyoonekana imekaza inakuwa imelegea papo hapo. Plastiki nayo inateleza. Kinachoruhusiwa ni kitandiko kilichotengenezwa au kuidhinishwa na watengenezaji wa kiti hicho hicho. Kama hakipo, nepi juu ya chupi inatosha.

Mikanda ikilowa, ipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini, kisha iache ikauke kwa hewa. Usiiloweke, usiitie kwenye mashine, usiipake dawa ya kung'arishia nguo: nyuzi zinadhoofika na kwa macho huoni. Kitambaa cha kiti kinafulika, ila fuata kijitabu chake. Kabla ya kukivua, piga picha njia ya kila mkanda, maana kurudisha ndiko watu wanakokosea.

Safari ya saa tatu ina vituo viwili, na akojoe mlangoni kabla ya kuondoka. Akilala njiani msimwamshe, lakini akifumbua macho tafuteni pa kusimama mara moja, kwani baada ya usingizi kibofu kimejaa na hasubiri. Akisema "mkojo!" barabarani, hatolewi kwenye mikanda gari likiwa linatembea, hata kama atalowa. Chupi inafuliwa.

Poti ya safari: ya kukunja ni nyepesi, lakini ile ile ya nyumbani ndani ya buti ni bora kwa wiki za mwanzo kwa sababu anaijua. Valisha poti mfuko kama unavyoivalisha ndoo ya taka, weka nepi kavu iliyofunguliwa ndani, upande unaonyonya uangalie juu. Ile chengachenga iliyomo ndani ya nepi inageuza mkojo kuwa ute mzito, hata mfuko ukiinama haumwagiki. Nepi moja inabeba mikojo miwili hivi. Hakikisha mfuko hauna tundu kabla hujautumia, si baada.

Mama Lulu aliandika:

Asanteni sana, kwenye kiti nilikuwa nimepanga taulo kabisa! Kuna mawili sikuyasema. Haja kubwa nje hataki katu, anabana mpaka turudi. Na vyoo vya watu wengi anaviogopa, vile vinavyojisukumia maji vyenyewe na mashine ya kukaushia mikono vinamliza.

Muuguzi wa Watoto alijibu:

Hilo la kubana lipe uzito kuliko mkojo. Kinyesi kikikaa ndani, maji yake yanafyonzwa, kinakuwa kigumu, kinatoka kwa maumivu, na mtoto aliyeumia mara moja anazidi kubana. Kisha utumbo wa mwisho uliojaa unakandamiza kibofu, na hapo anaanza kujikojolea hata nyumbani. Ndiyo maana usimpunguzie maji siku ya safari ili asikojoe. Unaokoa suruali moja na unaleta choo kigumu.

Tumia mwili wake unavyofanya kazi: tumbo likipokea chakula, utumbo unaamka, na haja kubwa huja mara nyingi dakika 15 hadi 30 baada ya kula. Basi ale, akae kwenye poti kama dakika tano hivi, ndipo mtoke. Asikae kwa kulazimishwa, na miguu isining'inie. Magoti yawe juu kidogo ya nyonga, nyayo zimekanyaga kitu.

Choo cha kukaa ni kikubwa kwake, anahisi atatumbukia. Mgeuze aelekee ukutani kwenye tangi, miguu pande mbili, mikono ikishika tangi. Kwa namna hiyo mapaja yanatanuka, na kwa msichana hilo lina maana. Akikojoa amebana mapaja, mkojo kidogo unaingia ukeni na kuvuja akishasimama. Ukiona ametoka chooni sasa hivi na baada ya dakika tano chupi ina doa, si kwamba amejikojolea, ni hicho. Kwa choo cha kuchuchumaa, mvue suruali mguu mmoja kabisa, simama nyuma yake, umshike chini ya makwapa mgongo wake ukiegemea miguu yako. Msichana apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma. Wenye wavulana: akikaa, uume uelekezwe chini, la sivyo utaoga wewe.

Kwa choo kinachojisukumia maji, kuna kijicho cheusi kinachomhisi mtu, ukutani au juu ya tangi. Kibandike kipande cha karatasi yenye gundi kabla hajakaa, na ukibandue akishavaa na kusogea mlangoni. Mikono kausheni kwa kitambaa chenu, mashine muipite mbali.

Akisikia maumivu akikojoa, homa, mkojo wenye damu, kinyesi chenye damu, au aliyekuwa mkavu akaanza ghafla kulowa kila mara, huyo apelekwe kwa daktari. Hapo poti haina kosa.

Mwalimu wa Chekechea aliongeza:

Dada muuguzi amemaliza kila kitu. Niongeze mkoba tu. Usipange chupi zote peke yake na suruali zote peke yake. Tengeneza vifurushi vitatu: chupi ndani ya suruali, soksi ndani ya chupi, vyote vikunjwe kama mkeka na kutiwa kwenye mfuko wake wenye kufungika. Akilowa unafungua kifurushi kimoja, unamvalisha kikavu, na kilicholowa kinaingia kwenye mfuko ule ule. Nyumbani suuza kwa maji baridi kwanza, sabuni baadaye.

Maneno yawe machache: "Umelowa. Mkojo unakwenda kwenye poti. Tubadilishe." Basi, mchezo uendelee. Na yeyote atakayebaki naye, bibi au shangazi, ajue neno hasa analolitumia mtoto kusema ana haja. Wengi wanalowa kwa sababu waliita na hawakueleweka.

Mama Lulu aliandika:

Nimeelewa. Tutaondoka saa nne asubuhi baada ya kula na kukaa poti, vituo viwili, kila saa moja.

Baba Pacha alijibu:

Sawa kabisa, ila kituo cha kwanza kiwahishe, kiwe baada ya dakika 45. Atakuwa amekunywa pamoja na chakula, na mkojo huo ndio utakaowahi.