Maji ya kisima: fenolfthalini haigeuki, lakini asidi inaingia tu

mwanakisauni
Asalaam aleykum. Napima maji ya kisima cha huku Kisauni, kimechimbwa kwenye jabali la matumbawe. Nikitia fenolfthalini (kiashiria, yaani dawa inayoonyesha asidi au besi kwa rangi), rangi haibadiliki. Nikitia methili orenji yanakuwa manjano, na ml 100 za maji zinakula ml 28 za asidi haidrokloriki ya 0.02 M (moli 0.02 kwa lita) ndipo rangi igeuke. Kiashiria kimoja chasema besi hakuna, cha pili chasema ipo tele. Niamini kipi?

maalim_bureti
Wa aleykum salaam. Amini vyote viwili, havijibu swali moja. Fenolfthalini huanza kuwa waridi pH (kipimo cha uasidi, ikipanda asidi imepungua) ikifika kama 8.3, methili orenji hugeuka kati ya 4.4 na 3.1. Kilichomo ni baikaboneti.

Kwa maana waliyoitoa Brønsted na Lowry mwaka 1923, besi ni chochote kinachopokea protoni, yaani H⁺. Baikaboneti yaipokea:

HCO₃⁻ + H⁺ → H₂CO₃ → H₂O + CO₂

Ndiyo maana asidi yako yamezwa. Ila ni besi dhaifu, haiwezi kuyapora maji protoni za kutosha pH ipande mpaka waridi. Kaboneti, CO₃²⁻, ingeweza.

Hesabu: 28 × 0.02 = milimoli 0.56 ndani ya ml 100, yaani 5.6 kwa lita. Milimoli moja ya asidi humezwa na mg 50 za kalisi kaboneti, basi zidisha kwa 50, upate mg 280 kwa lita kama kalisi kaboneti.

bi_pipeti
Kabla hujaiandika hiyo 280: kisima kimetiwa klorini? Klorini huchubua rangi ya kiashiria. Tone moja la sodiamu thiosalfeti ya 0.1 M kwenye sampuli latosha.

Flaski isuuze kwa maji yaliyokenekwa, si ya kisima, la sivyo mabaki yatajumlishwa kwenye ml 100 zako. Bureti, ule mrija wa kudondoshea asidi, ndiyo isuuzwe kwa asidi yenyewe. Simama kwenye rangi ya chungwa. Ikiwa nyekundu ushapitiliza. Na chupa ya sampuli ijae hadi mdomoni, uifunge. Ikikaa wazi juani CO₂ hutoroka, pH hupanda, kaboneti hutulia chini kama unga mweupe, na jibu lashuka.

mwanakisauni
Shukran. Basi ule ukoko mweupe wa birika ni kaboneti hiyohiyo?

maalim_bureti
Ndiyo. Yakichemka, baikaboneti hupeana protoni zenyewe kwa zenyewe:

2HCO₃⁻ → CO₃²⁻ + CO₂ + H₂O

Moja imetoa, nyingine imepokea. Kaboneti ikashikana na kalisi. Siki ya dukani huirudishia protoni. Mimina mpaka ukoko ufunikwe, ngoja mapovu yaishe, suuza. Ndimu pia yafaa, lakini usiichemshe: kalisi sitireti haiyeyuki vizuri kwenye joto, utaondoa unga mmoja ubaki na mwingine.

bi_pipeti
Na siki isikutane na dawa ya klorini ya kufulia. Haipokloraiti iliyomo ikipewa protoni, hutoka gesi ya klorini, na jikoni hapakaliki.