Nimeanza kupaka rangi nyumba Juni, Agosti hii bado vyombo viko kitandani. Mliwezaje kumaliza?

Ticha_Nkuhungu

Wakuu, habari za jioni. Naomba nisitukanwe kabla sijamaliza kueleza.

Mimi ni mwalimu wa msingi, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nyumba ya vyumba vitatu na sebule. Likizo ya Juni nilijiapiza kwamba nyumba inapakwa yote, ndani na nje, kwa wiki mbili. Fundi niliyempata alichukua malipo ya awali, akaja siku mbili, akakwangua rangi ya zamani kwenye kuta zote za ndani kwa mpigo, siku ya tatu akaaga anaenda msibani. Msiba huo haujaisha mpaka leo. Nikasema basi, kushika brashi na kushika chaki kuna tofauti gani? Nitapaka mwenyewe.

Hii ni wiki ya tisa. Chumba cha watoto kina koti moja ya rangi. Changu kimepigwa skimu, ile lipu laini ya kusawazisha, nusu ukuta, pale mkono ulipoishia. Korido haijaguswa. Sebuleni nimejaribu rangi tatu ukutani, zote sizipendi. Makochi yamerundikwa katikati, nimeyafunika chandarua kilichotoboka, napikia koridoni. Juzi nimeingia darasani na rangi ya krimu kwenye nywele, mtoto mmoja wa darasa la tatu akaniuliza, "Mwalimu, umezeeka jana?"

Na vumbi la huku mnalijua. Nane Nane wenzangu wote wamekwenda Nzuguni kwenye maonyesho kutazama ng'ombe, mimi niko juu ya ngazi napaka ukuta wa mbele. Saa 6 mchana upepo ukashuka. Jioni ukuta wangu mweupe umekuwa rangi ya njia, ukiupapasa unakwaruza kama msasa. Na jogoo wa jirani akaingia kwenye trei ya rangi, akatembea baraza zima mpaka mlangoni, akageuka, akarudi. Nyayo zake nimesugua, zimekataa.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni ukuta wa chumbani unaopakana na bafu. Huo niliupiga koti mbili, ukapendeza, nikamtumia hadi dada yangu picha. Baada ya wiki ukaanza kuota unga mweupe, laini kama wa sembe, na rangi inabanduka magamba magamba. Nikachota kidogo kwa kidole, nikaweka ulimini. Chumvi! Nilikaa sakafuni nikiutazama mpaka kigiza kikaingia.

Mume wangu yuko Manyoni kikazi. Kila jioni anapiga, "Vipi, imefika wapi?" Siku hizi nikiona namba yake naacha iite. Na mama mkwe anakuja kutoka Kondoa mwishoni mwa mwezi ujao.

Sijauliza rangi gani nzuri. Nauliza hivi: ukiwa umechoka, na kazi haionekani kusogea, unainukaje kushika brashi tena? Maana mimi nikitoka shule saa 10, nikifungua mlango nikaiona ile fujo, naenda kulala.

Brashi_Inchi4

Ticha, pole. Mimi ni fundi rangi, mwaka wa 19 huu. Huyo mwenzetu katuaibisha, ila kosa lake kubwa si kuingia mitini. Ni kukwangua nyumba nzima kwa mpigo wakati watu wanaishi humo. Sasa kila unapogeuka unaona kazi, hakuna pa kupumzisha macho. Hata mimi ningelala.

Kesho funga milango ya vyumba vingine vyote. Ingia cha watoto, si kimebakiza koti moja? Kimalize, na nikisema kumaliza simaanishi rangi tu. Vifuniko vya swichi virudi, pazia litundikwe, sakafu isuguliwe, ngazi na ndoo vitoke. Halafu lala humo humo. Mori utakuja wenyewe.

Wala si kazi ya siku nyingi, piga hesabu. Chumba cha mita 3.5 kwa 4, kimo mita 2.8, kuta zote nne ni mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 38. Rangi ya maji, lita 1 kwenye ukuta uliokwisha kusawazishwa inafunika kama mita za mraba 10 kwa koti moja. Yaani lita 4 na jioni moja ya rola.

Kingine, usilale na brashi chafu. Nimeona wateja wengi wanaacha kazi kwa sababu hiyo, wanacheka nikiwaambia. Asubuhi unaikuta brashi imekuwa mti, rola imekuwa jiwe, unaahirisha. Ioshe usiku hata kama umechoka. Kama unaendelea kesho yake na rangi ile ile, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Ile ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 2019, tumia mfuko wa mkate.

Ukuta wa chumvi achana nao kwanza. Chumvi imo ndani, kwenye mchanga, tofali au maji yaliyochanganyia plasta, na visima vingi vya huku maji yake unayajua ladha. Maji ya bafuni yakipenya yanaiyeyusha, yanatoka nayo, yakikauka yanaiacha juu, rangi inasukumwa. Upake hata koti tano, itatoka. Tafuta panapovuja uzibe, kwangua rangi, acha ukuta uchi wiki kadhaa. Unga ukitoka, uondoe kwa brashi kavu. Usiuoshe kwa maji, unairudisha ndani. Ukikaa muda bila kuota tena ndipo uweke praima ya kuzuia alkali, ile koti ya kwanza ya kutangulia, kisha rangi.

Nje acha. Huwezi kushindana na upepo wa Agosti Dodoma. Ukilazimika, anza saa 1 asubuhi, saa 3 uwe umeshuka kwenye ngazi.

Halafu nijibu: nyumba ni ya zamani? Hiyo iliyokwanguliwa ilikuwa ya mafuta?

Ticha_Nkuhungu

Kuta zilikuwa za maji. Milango na fremu ndiyo rangi ya mafuta ya bluu, na ni ya zamani kweli, tumenunua nyumba ikiwa nayo.

Brashi_Inchi4

Basi hizo fremu usizipige msasa mkavu. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Lowesha kwanza, funga pua na mdomo, watoto wawe kwa jirani, ukimaliza futa kwa tambara bichi. Usifagie.

Mnyaturu_Halisi

Nyumba yangu hapa Singida ina mwaka wa nne haina rangi. Plasta tupu. Tunakula, tunalala, wageni wanakuja, hakuna aliyekufa. Dada, rudisha vyombo kabatini, lala. Rangi utapaka ukistaafu.

Kipusa_wa_Area_D

Mimi naomba picha ya nyayo za jogoo tu.

Bibi_Mpwapwa

Mwanangu, mimi nimezaliwa kwenye tembe. Paa la udongo, kuta za udongo, na kila mwaka kabla ya mvua lazima zisiribwe, la sivyo maji yanakukuta kitandani. Udongo na mavi ya ng'ombe, kwa viganja. Ni kazi chafu kuliko hiyo yako. Lakini mama yangu sikuwahi kumwona akisiriba peke yake. Leo wako kwetu watano, keshokutwa wote wako kwa mama mwingine, mtungi wa togwa uko pembeni, na maneno yanayosemwa hapo mtoto unaambiwa kacheze mbali.

Wewe unapaka peke yako, mlango umefunga, na simu ya mumeo hupokei. Si rangi iliyokuchosha hiyo. Waite watu Jumamosi. Si lazima wajue kupaka, mmoja ashike ngazi, mwingine akae kwenye ndoo apige umbea. Na mwenzio mpokelee simu, umwambie imeniharibikia.

Ticha_Nkuhungu

Shikamoo Bibi. Nimesoma mara mbili, nimenyamaza.

Ticha_Nkuhungu (siku 12 baadaye)

Nimerudi wakuu. Tuanze na aliyetaka picha ya jogoo: zile nyayo nimeziacha. Mtoto wangu wa mwisho anaruka juu yake moja moja akitoka kwenda shule, sasa nitazisugua vipi tena?

Chumba cha watoto kimeisha. Fundi alisema jioni moja, mimi nimetumia tatu, na ya kwanza sikupaka chochote. Nililowesha tu ile brashi iliyokuwa imekauka, nikaichokonoa kwa kitana mpaka ikalainika, nikaenda kulala. Kesho yake kuikuta inainama ilinipa nguvu ambayo siwezi kuieleza. Nikarudisha vifuniko vya swichi kwa bisibisi, cha mwisho kilikuwa cha nyuma ya mlango. Chini yake kuna kipande cha kijani kibichi, sijui ni cha mwenye nyumba wa ngapi. Nikafunika. Kulala humo nilikatazwa na wenyewe, wamesema nanuka rangi.

Jumamosi walikuja wenzangu watatu wa shuleni. Nilipika ugali na mlenda, mmoja akaja na zabibu. Mwalimu wa hisabati alipiga mstari wa dari kwa uzi na chaki kana kwamba anakaguliwa. Wa michezo alipaka ukuta, akapaka swichi, akapaka na kioo cha dirisha. Bibi, umbea ulikuwepo, hauandikiki. Sebule imepata koti mbili, ya krimu, maana walikataa kunisikiliza nikisema bado nafikiria.

Mume nilimpokelea. Nilidhani atafoka, akacheka mpaka akakohoa, Ijumaa akawa ameshafika. Kumbe bomba la nyuma ya sinki lilikuwa linadondosha matone usiku na mchana. Amelibadilisha. Ukuta wa chumvi uko uchi kama nilivyoambiwa, kila asubuhi naupitishia brashi kavu. Unga unatoka, ila leo umetoka mchache.

Mnyaturu, mchana nilikuona mvivu, usiku nikakuelewa. Ukuta wa nje umebaki na vumbi lake mpaka mvua zipite, yaani mwakani baada ya Aprili. Mama mkwe atakuta ulivyo. Fremu za bluu nazo sizigusi mpaka watoto waende kwa shangazi yao.

Imebaki korido, na dari yake ni ndefu, ngazi haisimami pale kwa wembamba. Kuna mtu Nkuhungu au Chang'ombe mwenye mti mrefu wa rola, ule wa kuunganisha, aniazime Jumamosi hii? Nitaurudisha Jumapili, umeoshwa.

Brashi_Inchi4

Ninao wa mita 3. Njoo na ndoo, tutaonana Majengo sokoni saa 2.

Ticha_Nkuhungu

Ndoo ya nini tena?

Brashi_Inchi4

Nina praima ya alkali imebaki kwenye kazi ya watu, kama lita 2. Usiipake kabla unga haujaisha.