Matendo 15: tohara waliiondoa, damu wakaiacha. Kwa nini?

Mchaga_wa_Mjini:
Wakuu, salaam. Juzi kwenye sherehe ya kipaimara kililetwa kisusio, ile supu ya Wachaga yenye damu. Mzee mmoja akakisukuma kando: "Matendo 15:29, damu marufuku." Shemeji yake akamrukia, "Na hiyo kitimoto uliyojaza kwenye sahani?" Tulicheka sana, ila swali limenikaa. Mitume walipowaondolea watu wa Mataifa (wasio Wayahudi) tohara, mbona walibakiza vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, nyama zilizosongolewa (za mnyama aliyenyongwa, damu ikabaki ndani) na uasherati? Nani alichagua, kwa kigezo kipi?

Katekista_Mstaafu:
Mkuu, nimefundisha wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) miaka mingi, na swali hili huwa linatoka kwa wale wanaokaa viti vya nyuma, wasioandika chochote.

Fungua Walawi 17 na 18. Kila mara utamkuta "mgeni" anayekaa kati ya Waisraeli. Anakatazwa nini? Kutoa sadaka nje ya hema ya kukutania. Kula damu. Akiwinda mnyama, lazima amwage damu yake. Kisha sura ya 18 ni mambo ya kulala na nani na usilale na nani. Sasa linganisha na barua ya mitume: yaleyale, tena kwa mfuatano uleule. Kwa maoni yangu Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu aliyependekeza makatazo hayo, hakubuni kitu. Mafarisayo walioamini walitaka watu watahiriwe. Yeye akachukua kutoka Torati yenyewe sheria ya mgeni. Nguruwe yuko Walawi 11, na sura hiyo inaanza kwa kuwaambia wana wa Israeli. Ndiyo maana yule mzee na kitimoto yake alipona.

Na shida ilikuwa meza. Soma Wagalatia 2: kule Antiokia Petro alikuwa anakula na watu wa Mataifa vizuri tu, walipofika watu kutoka kwa Yakobo akajitenga, hata Barnaba akamfuata. Kama hamwezi kula pamoja, mtaumegaje mkate pamoja?

Mchaga_wa_Mjini:
Shukrani mzee. Lakini Paulo anawaambia Wakorintho wale kila kiuzwacho sokoni bila kuuliza-uliza!

Katekista_Mstaafu:
Endelea mistari mitatu mbele. Mtu akikwambia "hii imetolewa sadaka", acha, kwa ajili ya huyo aliyekwambia. Nyama ya hekalu la sanamu iliweza kuishia buchani, na Paulo hakutaka mtu amhoji muuza nyama. Kukaa kwenye meza ya sanamu yenyewe alikataa katakata.

Binti_Historia:
Mzee shikamoo, hapo kwenye meza nakupinga kidogo. Kama damu ilikatazwa ili Wayahudi wasikwazike tu, mbona mwaka 177 kule Lyon (Ufaransa ya leo), Mkristo aitwaye Biblis, akiteswa na kujibu tuhuma kwamba Wakristo hula watoto, aliuliza watakulaje watoto watu ambao hata damu ya wanyama hawaruhusiwi kula? Hapo Yerusalemu ilishabomolewa zaidi ya miaka 100.

Katekista_Mstaafu:
Marahaba. Umenibana, na ni kweli desturi iliishi kuliko sababu yake. Ila haikuishi kila mahali. Agustino, askofu wa Afrika Kaskazini, karibu mwaka 400, anasema Wakristo wachache waliokuwa bado wanaogopa nyama iliyobaki na damu walikuwa wanachekwa na wenzao. Makanisa ya Mashariki yalishikilia: sinodi (mkutano wa maaskofu) ya Konstantinopoli ya mwaka 692 iliwakataza walei na mapadre vyakula vya damu. Magharibi, Mtaguso wa Florence, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ukatamka mwaka 1442 kwamba sababu ya katazo imekoma. Waorthodoksi, yaani Wakristo wa Mashariki, hawajakubali hilo mpaka leo.