Naomba ushauri: jicho linaona ukungu, na Jumatatu nina kipimo cha MRI

Fundi Mpole: Habari zenu, wanajamvi. Jicho langu la kushoto linaona ukungu tangu mwezi uliopita, ingawa haliumi. Nimekwishalipia MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, kwa ajili ya mgongo. Je, mashine hiyo itaonyesha na tatizo la jicho, au ninunue dawa ya matone?

Mama Wawili: Pima sukari, mwanangu. Shemeji yangu alibadilisha miwani mara kwa mara, kumbe ni sukari.

Nesi Mstaafu: Unafanya kazi gani, na je, kuna kitu kiliwahi kukurukia jichoni? Kabla ya MRI huwa wanauliza, uliwajibu nini?

Fundi Mpole: Nilijibu hapana. Ni kweli nilikuwa nikigonga beringi kwa nyundo na tindo, kitu kikanichoma kidogo, lakini kwenye kioo sikuona jeraha. Kingeingia ndani si ningepofuka palepale? Isitoshe, fedha hairudishwi.

Babu wa Tanga: Miwani ya kinga mnaiona ushamba, ila ya jua ya kuendea harusini hamuikosi.

Mpekuzi: Hii ni chai. Chuma kiwe ndani ya jicho, mwenyewe asihisi, na MRI iwe Jumatatu?

Nesi Mstaafu: Hata kama ni chai, wapo mafundi wanaosoma. Kichembe kinachoruka chuma kinapogonga chuma huwa kidogo na chenye kasi kubwa, kwa hiyo huweza kupenya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwa tundu linalojifunga lenyewe, na mtu akaendelea kuona kwa muda. Kikibaki ndani, madini ya chuma husambaa taratibu na kuiharibu retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), mbali na hatari ya usaha na mtoto wa jicho. Shaba tupu huleta uvimbe mkali na wa haraka zaidi. Sumaku ya MRI inaweza kukisogeza kikachana retina. Kipimo kinachofaa ni CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka. Kikionekana, daktari bingwa hutoboa matundu madogo kwenye weupe wa jicho, huondoa ute wa ndani, kisha hukitoa kwa koleo nyembamba au sumaku ndogo.

Mpekuzi: Sumaku uliyotutisha nayo sasa imegeuka tiba?

Nesi Mstaafu: Julius Hirschberg wa Berlin aliitumia sumaku ya umeme kwa kazi hiyo tangu 1879. Mpasuaji huchagua kipande kipite wapi. MRI hukivuta bila kujali kilicho njiani.

Mama Wawili: Na sukari apime vilevile.

Fundi Mpole: Nimewapigia simu, wamekubali kuahirisha, na kesho asubuhi nitakwenda kliniki ya macho. Matone lakini sitayaacha, maana nilishayaanza na wekundu umepungua. Alinipa jirani, yalibaki baada ya mkewe kupasuliwa mtoto wa jicho.

Nesi Mstaafu: Usiyaweke tena, kwa kuwa baadhi ya matone ya aina hiyo hupunguza wekundu huku maambukizi yakiendelea. Beba kichupa chenyewe, umwonyeshe daktari.